Nyimbo 3 za Glenn Tipton: usiku niliowaona Judas Priest jukwaani

#1 Nyuzi6 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeuahirisha miaka mingi. Kila nikikaa kuuandika naishia kufuta, maana ninachotaka kusema si kwamba tamasha lilikuwa kali. Matamasha makali yapo tele. Nataka kusimulia nyimbo 3 tu, za mwisho wa usiku ule, na kwa nini hadi leo nikisikia mtu anasema "wale wazee si wakapumzike" moyo unaniuma.

Bendi ni Judas Priest, ya muziki wa hevi metali. Mwaka ni 2018, ziara ya albamu yao ya Firepower iliyotoka Machi mwaka huo. Ukumbi wa ndani. Nilisimama upande wa kulia, karibu na jukwaa kiasi cha kuona nyaya zilivyobandikwa sakafuni kwa utepe mweusi.

Kwa wasiowajua: bendi ilizaliwa Birmingham, Uingereza, mwaka 1969. Mwimbaji Rob Halford aliingia 1973, mpiga gitaa Glenn Tipton akaja 1974. Hapo walikuwa magitaa mawili, Tipton na K.K. Downing, na ndipo ilipo siri yao. Hawakugawana kazi kwa mtindo wa huyu solo, yule ridhimu, basi. Wote wawili walicharaza solo, wakipokezana ndani ya wimbo mmoja kama watu wawili wanaobishana, kisha ghafla wanakubaliana na kupiga sauti mbili zinazokwenda pamoja. Bendi nyingi za metali unazozipenda leo zilijifunzia hapo.

Eneo lile lilikuwa la viwanda vya chuma. Tipton mwenyewe aliwahi kufanya kazi katika shirika la British Steel kabla ya muziki, na albamu yao ya 1980 wakaipa jina hilohilo. Wakati wa kuirekodi walitaka mlio wa majitu ya chuma yakitembea kwa ajili ya wimbo wa Metal Gods. Hakukuwa na kompyuta ya kuwapa mlio huo. Wakachukua trei ya visu, vijiko na uma, wakaitikisa mbele ya mikrofoni. Sikilizeni tena wimbo ule kwa makini: mnachokisikia kikitembea ni vyombo vya jikoni.

Sasa, Februari 2018, wiki chache kabla ya ziara kuanza, ikatangazwa kwamba Tipton ana ugonjwa wa Parkinson, na kwamba amekuwa akiishi nao kwa miaka kadhaa huku akipiga. Alikuwa na umri wa miaka 70. Ugonjwa ule huua chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayousaidia ubongo kuongoza mwendo wa mwili. Mkono unatetemeka, misuli inakaza, na kitendo ulichokifanya bila kufikiri kinaanza kudai ukifikirie. Nafasi yake ziarani ikashikwa na Andy Sneap, mmoja wa watayarishaji wa albamu ileile. Tipton akasema atakuja atakapoweza, kwa nyimbo chache. Kwa hiyo tulioingia ukumbini hatukujua kama tutamwona.

Naendelea kwenye bandiko linalofuata.

#2 Besi_Nene

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Shusha mkuu.

#3 Nyuzi6

Nyimbo 2 za mwanzo, niseme ukweli, sauti ilikuwa imevurugika. Besi ilimeza kila kitu. Kuanzia wa 3 mambo yakakaa sawa.

Halford siku ile alikuwa na miaka 66. Hachezi jukwaani. Anatembea. Anainama mbele, kichwa chini, mikrofoni mdomoni, anakwenda na kurudi kama mtu anayetafuta kitu alichokidondosha sakafuni. Mara ya kwanza kumwona unaweza kudhani amechoka. Halafu sauti ya juu inatoka, ile inayokata kama msumeno, na unaelewa kwamba kuinama kule ndiko anakoivutia kutoka tumboni. Zipo sauti ambazo hakuzigusa. Nyingine alizichukua kwa njia ya chini na kuuacha umati umalizie juu. Lakini alizoamua kuzipiga, alizipiga kwelikweli.

Pikipiki ambayo Halford huingia nayo jukwaani ilikuja, kama inavyokuja tangu zamani. Nilishaiona kwenye video mara mia, lakini injini ikinguruma ndani ya ukumbi, kifua kinaipokea kabla ya masikio.

Kisha Painkiller. Wimbo huu wa 1990 unaanza kwa drams peke yake, na Scott Travis akiukung'uta hakuna anayebaki ameweka mikono mfukoni. Halford aliuimba nusu yake akiwa ameinama karibu aguse magoti. Ulipoisha wakatoka wote. Taa zikazimwa.

Hapo ndipo ninapotaka mtulie nami.

Taa ziliporudi, magitaa yalikuwa matatu. Nilihesabu mara mbili. Richie Faulkner aliyechukua nafasi ya Downing, Sneap, na katikati yao mzee mwenye mvi aliyesimama wima sana, kama mtu anayekagua kwanza kama sakafu itambeba. Halford hakuhitaji kumtambulisha. Sauti iliyotoka kwa watu sikuwahi kuisikia tena. Haikuwa shangwe, ilikuwa kama wote tumeshusha pumzi kwa pamoja.

Walianza na Metal Gods. Wimbo wa mwendo wa kuandamana, mzito, si wa mbio. Mimi sikumtazama usoni. Nilitazama mkono wake wa kulia. Kabla ya kuanza aliulaza juu ya nyuzi, kiganja kizima, akaubakiza pale, kama unavyomwekea mkono mtoto begani kumtuliza. Wimbo ulipoingia, mkono ule ukafanya kazi yake. Haukukimbia. Ulishuka kwenye kila pigo pale pigo lilipotakiwa kuwa.

Wa pili ulikuwa Breaking the Law. Hapa ukumbi mzima uliimba gitaa. Sisemi maneno, nasema gitaa: ile rifu ya mwanzo, kipande cha gitaa kinachojirudia, maelfu ya watu wakiitoa kwa midomo. Aliinua macho akatutazama. Pembeni yangu alikuwepo bwana mmoja mtu mzima, tangu mwanzo alikuwa anapiga kelele kuliko sote. Pale alinyamaza, akakunja mikono kifuani, machozi yakamtoka bila kuyafuta.

Wa tatu Living After Midnight, na usiku ukaisha.

Ndiyo hayo. Nimeandika kwa sababu nataka kujua kama kuna mwingine humu aliyeona kitu cha namna hii kwa bendi kongwe, na kama nanyi mnaona ninavyoona: kwamba nilichokiona si mabaki ya bendi.

#4 Mzani

Mkuu Nyuzi6, umeandika vizuri na nakuheshimu. Lakini niruhusu nikupinge. Mtu anayelipa kiingilio anataka bendi aliyoipenda. Kwenye jukwaa ulilolieleza, muda mwingi wa usiku, wa enzi zile walikuwa wawili tu: Halford na mpiga besi Ian Hill. Downing aliondoka 2011. Richie Faulkner amezaliwa Januari 1980. British Steel inatoka Aprili mwaka huo, yeye bado ananyonya. Travis aliingia 1989. Tukiendelea hivi, siku moja tutalipia jina tupu. Kuna heshima pia katika kujua wakati wa kuacha.

Na kuhusu mgonjwa kupandishwa jukwaani, mimi binafsi naona huruma inachanganywa na muziki. Nisamehe kama nimekuumiza.

#5 Nyuzi6

Hujaniumiza ndugu Mzani, umesema ambalo wengi wanalisema pembeni. Nakujibu moja moja.

La jina tupu: Januari 2022 bendi ilitangaza kwamba itaendelea na ziara ikiwa na watu wanne, gitaa moja, bila Sneap. Mashabiki walipinga, na baada ya siku chache uamuzi ukabatilishwa, Sneap akarudi. Fikiria maana yake. Watu hawakudai sura ya zamani irudi. Walidai gitaa la pili, kwa sababu nyimbo zile zimejengwa kwa magitaa mawili na moja likitoka unabaki na nusu ya mazungumzo. Jina tupu lisingetetewa hivyo.

La Faulkner: Septemba 2021, kwenye tamasha huko Louisville, Marekani, mshipa wake mkuu wa moyo ulipasuka akiwa jukwaani, katikati ya Painkiller. Alimaliza wimbo. Alifanyiwa upasuaji wa zaidi ya saa 10 na akapona. Kijana aliyekuwa ananyonya mwaka 1980 amekwisha kuilipia nafasi yake.

La huruma ndilo gumu zaidi. Nakiri, machozi ya yule bwana yalikuwa na huruma ndani yake. Lakini Tipton hakupandishwa. Alipanda. Na alichagua nyimbo ambazo mkono wake ungeweza kuzibeba, akawaachia wenzake zile ambazo usingeweza. Huo ni uamuzi wa mwanamuziki.

#6 Ridhimu_Binti

Habari zenu kaka zangu. Mimi ni mpiga gitaa, nacharaza tangu nikiwa na miaka 14, na naomba niongezee jambo kwenye hoja ya mwanzisha uzi, kwa sababu nadhani amelikaribia bila kulitaja.

Muziki huu wenyewe ulianzia kwenye mkono ulioumia.

Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya Black Sabbath, mji uleule wa Birmingham. Akiwa na miaka 17 alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mabati. Siku yake ya mwisho kazini kabla hajaenda kwenye muziki, mashine ilimkata ncha za vidole 2, cha kati na cha pete, vya mkono wa kulia. Yeye anapiga kwa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio unaobonyeza nyuzi. Kwa mpiga gitaa hiyo ni kama mwisho wa habari. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazi ambaye vidole vyake 2 viliharibiwa na moto na bado alipiga kuliko wazima.

Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akafinyanga vifuniko vya vidole, akavivika ngozi iliyokatwa kwenye jaketi kuukuu ili visiteleze. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, akatumia nyembamba. Baadaye, kufikia albamu ya 1971, akalegeza gitaa nusu sauti 3 kwenda chini.

Nawaelezea kwa vidole vyangu jinsi hilo linavyofanya kazi. Uzi ukiulegeza unakuwa laini chini ya kidole, hauhitaji nguvu nyingi kuubonyeza. Lakini pia sauti inashuka, inakuwa nzito, inaning'inia. Na kwa kuwa kidole chenye kifuniko cha plastiki hakihisi uzi, huwezi kubonyeza chodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) nene zenye vidole vyote. Unakwenda na chodi za nyuzi 2 au 3. Chodi hizo, kwenye gitaa lililolegezwa, kwenye amplifaya iliyofunguliwa mpaka inakwaruza, ndizo tunazoziita hevi metali. Kila kijana anayelegeza gitaa lake leo ili lisikike zito anapita njia iliyotobolewa na mtu aliyekuwa anakwepa maumivu.

Kwa hiyo kaka Mzani, mtu aliyezeeka au kuugua akipanga upya upigaji wake ili wimbo upite, kwangu mimi yuko ndani ya mila ya muziki huu.

#7 Besi_Nene

Dada, nimesoma bandiko lako mara 3. Asante.

#8 Fundi_Mitambo

Naingia kwa mambo 2 ya kazi yangu.

Kwanza, ile sauti kuvurugika nyimbo za mwanzo. Mara nyingi si uzembe. Mafundi wanapima sauti mchana ukumbi ukiwa mtupu. Usiku wanaingia maelfu ya watu, na miili na nguo zao zinanyonya sauti, hasa zile nyembamba za juu, wakati besi inabaki inazunguka. Vipimo vya mchana havifai tena. Fundi anaanza kurekebisha bendi ikiwa inapiga tayari, na nyimbo 2 au 3 ndizo muda wake.

Pili, na hili naomba mlichukue kwa uzito: masikio. Kipimo kinachotumiwa kazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Tamasha la metali linapita 100 bila shida. Nunueni vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vinavyopunguza sauti zote kwa usawa, si pamba. Muziki utausikia wazi zaidi, maneno ya mwimbaji utayapata. Mimi nilianza kuvivaa nimechelewa na kuna mlio kwenye sikio la kushoto ambao haujaniacha tena, hata nikiwa kimya kitandani.

#9 Mgeni_wa_Jukwaa

Swali la mgeni, wakuu: ile alama ya vidole 2 kama pembe ina maana gani? Ndugu zangu wanasema ni ya kishetani.

#10 Nyuzi6

Karibu sana. Aliyeieneza kwenye metali ni mwimbaji Ronnie James Dio, alipoingia Black Sabbath 1979 kuchukua nafasi ya Ozzy Osbourne. Alieleza kwamba aliipata kwa bibi yake, Mwitaliano, aliyekuwa akiifanya kujikinga na jicho la husuda. Waeleze ndugu zako hivyo: ni kinga ya kijicho kutoka kwa bibi wa watu.

#11 Usiku_Mweusi

Nimesoma nikanyamaza mpaka mlipomtaja Ozzy.

Tarehe 5 Julai 2025 niliangalia tamasha la kuaga la Black Sabbath kwa intaneti, lile la Villa Park, Birmingham. Siku nzima bendi zilipanda kutoa heshima: Metallica, Slayer, Tool, Gojira, Pantera, Guns N' Roses, orodha ndefu. Judas Priest hawakuwepo kwa sababu siku hiyohiyo walikuwa Hannover, Ujerumani, kwenye sherehe ya miaka 60 ya Scorpions. Mapato yaligawiwa kwa mashirika ya hisani, mojawapo la utafiti wa Parkinson, hospitali ya watoto na kituo cha kuwauguza watoto wagonjwa mahututi.

Ozzy naye alikuwa na Parkinson, alilisema hadharani mwanzoni mwa 2020. Alitoka akiwa ameketi kwenye kiti kikubwa cheusi cha enzi. Hakusimama. Lakini nilichokiona ni hiki: mwili wa chini umetulia kitini, na wa juu unajaribu kunyanyuka. Mikono anaipiga hewani, mabega yanasukuma, macho ameyatoa, kama kiti ndicho kinachomzuia. Aliimba peke yake kwanza, kisha wakaja wale wenzake 3 wa mwanzo: Iommi, Geezer Butler, na Bill Ward kwenye drams, wanne pamoja kwa mara ya kwanza baada ya miaka 20. Walipiga nyimbo 4. Ward alivua shati kama zamani.

Alifariki Julai 22, siku 17 baadaye, akiwa na miaka 76.

Ndugu Mzani, nimeiwaza hoja yako ya kujua wakati wa kuacha. Nadhani yule alijua. Aliacha pale.

#12 Mzani

Nimesoma yote. La Ozzy nalikubali, kwa sababu lilikuwa kuaga na kila mtu alijua ni kuaga. La bendi kuendelea ikibadilisha watu mmoja mmoja, bado siko pamoja nanyi kabisa. Ila dada Ridhimu_Binti amenifikirisha. Usiku huu nimeisikiliza tena albamu ya kwanza ya Sabbath, ya Februari 1970, nikiwa najua kuna plastiki na ngozi kwenye vidole vile. Sikuwahi kuisikia hivyo.

#13 Mwana_wa_Fundi

Mimi si mtu wa metali, nimefika hapa nikitafuta habari za Parkinson. Baba yangu anao, mwaka wa 4 sasa. Alikuwa fundi seremala. Ameacha kabisa kuingia kwenye karakana yake, anasema hataki watu waone mkono ukicheza. Tumemsihi, hakubali.

Nyuzi6, nimesoma pale ulipoandika kuhusu kiganja juu ya nyuzi. Naomba kuuliza: alipomaliza ule wimbo wa tatu, alifanyaje?

#14 Ridhimu_Binti

Pole sana kaka. Mpe baba shikamoo yangu.

#15 Nyuzi6

Pole ndugu yangu, na karibu.

Wimbo ulipoisha walikuja mbele wote, wakashikana mikono, wakainama kutuaga. Wenzake walianza kutoka. Yeye alibaki hatua chache nyuma yao, gitaa bado liko shingoni. Alikuja kijana mmoja wa mitambo kumpokea. Mzee aliuinua mkanda juu ya kichwa mwenyewe, polepole, ilichukua muda na kijana hakuingilia, alisubiri tu mikono imetangulizwa. Akampa. Lakini shingo ya gitaa hakuiachia mara moja. Alilishika pale, wote wawili wamelishika, akatutazama tena, kisha akaliachia, na mkono ule wa kulia akautia mfukoni akaondoka.

Mwambie baba kuhusu yule kijana aliyesubiri.